Besi ya Nyuzi Nne Yatosha

Mpigaji anayeanzia Rapsu, Isiolo, mbali na maduka ya ala ya Nairobi, hana nafasi ya kujaribu magitaa kumi kabla ya kununua, kwa hiyo na aanze na mkono wake. Besi ya nyuzi nne, kama ile Fender aliyoitoa mwaka 1951, huwa na shingo ya upana wa milimita 38 hadi 43 hivi pale inapokutana na kichwa. Ya nyuzi tano hufika 45 au zaidi. Tofauti hiyo ndogo husikika kwenye kifundo cha mkono, gumba likiwa nyuma ya shingo na vidole vikiufuata uzi mnene kabisa.

Wapo watakaosema uzi wa tano humpumzisha mpigaji, na wana hoja: noti ya E ya chini hupatikana pia kwenye freti ya tano, ambako freti zimekaribiana, bila kunyoosha mkono hadi mwisho wa shingo. Lakini uzi huo lazima ushikwe usivume ovyo, na mvumo wake wa hezi 31 spika ndogo haziutoi sawasawa. Benga na rumba zilikua kwa nyuzi nne. Kwa injili ya siku hizi, inayopenda kushuka chini, tano zina maana. Ila mkanda uwe mpana, maana bega nalo huchoka.