Kaluvu na Juisi ya Maembe: Zikae Siku Ngapi?

 

Msimu mmoja wa maembe, mama alikuja kliniki mbio amebeba mtoto wa miaka miwili. Mtoto alikuwa baridi, amelegea na haamki vizuri. Alikuwa amekunywa juisi ya maembe iliyokaa siku tatu kwenye mtungi. Mama alidhani ni juisi tu, kumbe ilikuwa imeshakuwa pombe.

Hutokeaje? Hamira, vijidudu vidogo vilivyo hata kwenye maganda ya matunda, hula sukari na kuigeuza kuwa pombe na gesi. Kaluvu hutengenezwa hivyo, kwa asali au sukari, maji na tunda kavu la muratina. Juisi iliyoachwa kwenye joto letu la Kitui na Makueni huchacha yenyewe, bila kutiwa chochote.

Wengine huniuliza: je, ikikaa zaidi si inakuwa bora? Divai ya matunda iliyotengenezwa kwa usafi na kufungwa isiingie hewa huweza kukaa mwaka au zaidi. Kaluvu si hivyo. Mtungi wake huingiza hewa, na baada ya siku chache hugeuka kuwa siki. Ukiifunga kwenye chupa ya glasi ikiwa bado inatoa povu, chupa inaweza kupasuka.

Na usinunue pombe usiyojua imetiwa nini. Mei 2014, watu wengi walikufa na wengine wakapofuka katika kaunti kadhaa, zikiwemo Kitui na Makueni, kwa kunywa pombe yenye methanoli. Sumu hiyo huwezi kuitambua kwa macho wala kwa ulimi.

Mama, shika haya:

1. Juisi ya mtoto ikamuliwe leo, inywewe leo. Ikitoa povu au harufu kali, mwaga.
2. Kaluvu iwekwe mbali na watoto, kamwe si kwenye chupa ya soda.
3. Ukiwa mjamzito usinywe pombe yoyote, hata kidogo.
4. Mtoto akinywa pombe, usimtapishe. Pombe hushusha sukari mwilini mwake haraka, kwa hivyo mkimbize kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.

Yule mtoto alipona kwa sababu mama yake hakungoja kupambazuke.