Mtungi wa Kuzimia Moto Ndani ya Pikapu: Uchaguzi na Ufungaji Wake

Katika bajeti za magari zinazoletwa na sharika, kipengele cha mtungi wa kuzimia moto huwa cha mwisho kabisa, na mara nyingi kimeandikwa kwa neno moja tu: "mtungi". Hakionyeshi ni wa aina gani, wa kilo ngapi, wala utafungwa wapi. Nao wafadhili wetu hutuuliza kwa nini kifaa hiki kirudi kwenye bajeti kila mwaka wakati gari lilipopokelewa lilikuwa nacho. Maswali hayo ni ya haki, na katika ukurasa huu tunapenda kuyajibu kwa pamoja.

Lazima tuseme wazi kwamba mitungi mingi iliyomo kwenye pikapu hapa nchini imenunuliwa ili ionyeshwe kwa trafiki. Ukiwepo na ukiwa mwekundu, safari inaendelea. Ndiyo maana unaukuta umefungwa kwa kipande cha tyubu nyuma ya kiti, chini ya jeki na koti la mvua, pini yake imeshika kutu. Gari la mradi hubeba mkunga, dawa, madumu ya mafuta ya jenereta, na wakati mwingine mgonjwa aliyelazwa kwenye godoro nyuma. Vijiji vingi tunavyovihudumia viko mbali sana na kituo chochote cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, hata kama simu ya 114 itapokelewa mara moja. Dakika ya kwanza ni ya dereva na mtungi wake.

Moto wa gari kwa kawaida huanzia chini ya boneti. Mpira wa mafuta uliozeeka hupasuka na kunyunyizia mafuta kwenye ekzosi yenye moto mkali. Betri isiyofungwa vizuri hurukaruka kwenye barabara mbovu mpaka kichwa chake kinagusa chuma. Waya za redio au taa za ziada zilizounganishwa na fundi wa mtaani bila fyuzi huchemka na kuyeyuka. Kiangazi kuna jambo jingine ambalo madereva wa porini wanalijua vizuri: nyasi kavu hujikusanya chini ya gari, karibu na ekzosi, na gari likisimama huanza kufuka. Kwa hiyo mtungi unaofaa ni ule unaoweza mafuta na umeme, na pia vitu vigumu kama viti, nyasi na magodoro.

Hapo ndipo herufi zilizoandikwa kwenye mtungi zinapotusaidia. Kwa utaratibu wa Ulaya, ambao mitungi mingi madukani kwetu inaufuata, A ni moto wa vitu vigumu kama mbao, nguo na karatasi. B ni wa vimiminika kama petroli na dizeli. C ni wa gesi. Tunashauri unga mkavu ulioandikwa ABC. Upo pia unga wa BC, ambao hupunguza ndimi za moto wa mafuta vizuri, lakini kiti kilichoshika moto kwa ndani kitaendelea kufuka na kuwaka tena. Mtungi wa kabonidayoksaidi ni mzuri ofisini penye kompyuta. Barabarani upepo huipeperusha gesi yake, na chuma kilichobaki na joto huwasha mafuta upya. Maji yasimwagwe kabisa kwenye petroli inayowaka, kwani petroli huelea juu yake na kusambaa pamoja nayo.

Magari ya zamani yaliyotoka ng'ambo wakati mwingine huwa na mtungi wa gesi ya haloni. Ilikuwa dawa kali ya moto, lakini huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal utengenezaji wake ulikoma katika nchi zilizoendelea mwaka 1994 na katika nchi zinazoendelea mwaka 2010. Usihangaike kutafuta wa kuujaza. Badilisha.

Kuhusu ukubwa, mtungi wa kilo 1 humalizika kwa sekunde 8 hadi 10 hivi. Kwa dereva ambaye hajawahi kuushika, nusu ya sekunde hizo huishia hewani. Kwa pikapu tunaomba kamati ziandike kilo 2. Ukiwa dukani, angalia pia namba zilizo mbele ya herufi, mfano 34B au 70B: namba inapokuwa kubwa, mtungi umepimwa kwa moto mkubwa zaidi wa mafuta. Mitungi miwili ya kilo sawa inaweza kutofautiana kwa namba hizo. Angalia geji, sindano iwe katika sehemu ya kijani. Pini iwe na lakiri yake. Tarehe ya kutengenezwa isomeke. Kopo la kupuliza lisilo na geji wala pini, hata liwe la bei nafuu kiasi gani, lisiingie kwenye bajeti.

Sasa ufungaji, ambao ndio unaopuuzwa zaidi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla, kitu kilichomo ndani ambacho hakikufungwa huendelea mbele kwa mwendo uleule. Mtungi wa kilo 2 za unga una uzito zaidi ya huo, kwani chuma chenyewe kina uzito. Bila ajali yoyote pia, mtungi ulioachwa sakafuni unaweza kubingirika na kukaa chini ya pedali ya breki mteremkoni. Kipande cha tyubu hakitoshi. Tumia kishikizo cha chuma chenye kibano cha chuma, kifungwe kwa bolti zinazopenya sakafu, zenye washa pana kwa chini na nati zisizolegea kwa mtikisiko.

Mahali pazuri ni mbele ya kiti cha dereva chini, mbali na pedali, au ubavuni mwa kiti upande wa kati, ambapo dereva anaufikia akiwa ameketi. Kwenye pikapu ya kebini moja ukuta wa nyuma ya kiti unavutia, lakini jaribu kwanza: kama ni lazima kukunja kiti ili kuufikia, mahali hapo hapafai. Nyuma kwenye bodi kuna jua, vumbi na wezi. Juu ya dashibodi napo hapana, kwa kuwa mitungi mingi imeandikwa isizidi nyuzi joto 60, na gari lililofungwa vioo juani linaweza kuzikaribia au kuzipita mahali hapo. Kabla ya kutoboa, fundi alale chini ya gari aone mabomba ya breki, ya mafuta na waya vinapopita. Tundu lipakwe rangi ya kuzuia kutu.

Moto ukitokea, dereva asimamishe gari, azime injini, na watu wote washuke kwanza, wakiwemo walioko nyuma. Boneti isifunguliwe wazi. Hewa ikiingia kwa wingi moto huruka usoni. Fyatua loki tu, ielekeze mdomo wa mtungi kwenye uwazi huo au chini ya gari, simama upande upepo unakotoka, kisha piga shina la moto ukipeleka mkono kushoto na kulia. Mtungi ukiisha na moto bado upo, ondokeni mbali. Na moto wa lori la mafuta si wa mtungi huu hata kidogo: pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kuwaka.

Tukirudi kwa swali la wafadhili, mtungi hugharimu kila mwaka kwa sababu unapaswa kukaguliwa kila mwaka, na ukitumika hata kidogo ujazwe upya, kwani unga hubaki kwenye vali na presha huvuja polepole. Wapo mafundi ambao hubadilisha kadi ya ukaguzi tu bila kuugusa mtungi. Mjumbe wa kamati awepo wakati wa ukaguzi, na uzito uandikwe kwenye daftari la gari. Unga uliomwagika kwenye injini nao usafishwe mapema, maana ukipata unyevu hula chuma na nyaya.

Mtungi uliofikia muda wa kujazwa upya usipelekwe kwa fundi ukiwa umejaa. Uchukueni kiwanjani, washeni nyasi kidogo kwenye karai kuukuu, na dereva auzime huku wajumbe wakiangalia kwa saa zao. Utingo naye ajaribu, maana siku dereva akiwa ameumia, yeye ndiye atakayeuchomoa.