Klabu zinazokula mbegu: somo kwa mkulima wa Tabora

SIKU ya mechi katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora, fedha hutembea. Bodaboda wa Ipuli hupata abiria, mama lishe huongeza mchele, muuza karanga hurudi nyumbani na sinia tupu. Ndiyo maana hesabu za klabu ya mpira si suala la mashabiki peke yao.

Rhino Rangers iliposhuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2014, mji ulisubiri hadi mwaka 2023 kuiona tena ligi hiyo, kupitia Tabora United. Furaha ikaanza kwa aibu. Agosti 2023 timu iliingia uwanjani Chamazi, Dar es Salaam, kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wanane tu. Ilikuwa imezuiwa na FIFA kusajili kutokana na madai ya kocha wa zamani. Wawili walipoumia wakabaki sita. Kwa kuwa sheria hairuhusu timu kuendelea na wachezaji pungufu ya saba, mchezo ukavunjika, Azam ikiongoza 4-0.

Kwa mkulima wa tumbaku jambo hili si geni. Huchukua mbolea kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na siku ya soko deni hukatwa kwanza. Mkopo wenyewe si kosa. Kosa ni kutumia leo fedha za zao ambalo bado halijaingia bani.

Tuchukue mfano. Mkulima anatarajia sh. milioni 5. Anakopa pembejeo za milioni 2, kisha pikipiki ya milioni 3 kwa matumaini yale yale. Mvua ya mawe ikipiga akapata milioni 3.5, anadaiwa milioni 1.5 na watoto hawajala.

Klabu nazo husaini mishahara kwa kutegemea ushindi ambao haujapatikana. Leeds United ya Uingereza ilikopa takriban pauni milioni 60 kwa dhamana ya viingilio vya miaka ijayo, ikitegemea Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ilipoikosa, iliuza nyota wake, na mwaka 2004 ikashuka daraja.

Ndiyo maana UEFA imeweka ukomo: kuanzia msimu wa 2025/26, katika kila shilingi 100 za mapato, zisizidi 70 kwa mishahara ya wachezaji na makocha, usajili na mawakala.

Mwaka 2025 timu ya Tabora ilibadili jina kuwa TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato. Mwenye mfuko mkubwa ni nafuu, lakini si mbadala wa bajeti. Mikataba ilingane na mapato yenye uhakika, na madeni yalipwe kabla ya usajili mpya.

Nawe msomaji, iwe una ekari mbili au genge la nyanya Ipuli, pima kwa kipimo hicho hicho. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.