Haydom: Drafti haiulizi kabila. Na binti yako je?

Vizibo 24 vya soda na kipande cha mbao kilichochorwa miraba 64. Mmoja analaza vizibo vyake 12 chali, mwenzake anavifudikiza vya kwake, mchezo unaanza. Hakuna anayelazimika kusema neno.

Kwa Haydom, hilo si jambo dogo. Wataalamu wa lugha wanaujua ukanda huu kwa upekee wake: Wairaqw wana lugha ya Kikushi, Wadatoga ya Kiniloti, Wanyiramba na Waisanzu za Kibantu, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi lugha yenye vidoko ambayo haifanani na yoyote kati ya hizo. Kiswahili ndicho daraja, lakini si kila bibi au babu anakimudu. Na majirani hawa wamewahi kugombana, hasa kwa ardhi na mifugo.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, hupokea wagonjwa wa Manyara na wa mikoa ya jirani. Aliyewahi kuuguza mtu mbali na nyumbani anajua siku zinavyokuwa ndefu ukiwa huna wa kuongea naye.

Wengi hudhani upweke ni ugonjwa wa Ulaya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya Juni 2025 inasema vingine: mtu 1 kati ya 6 duniani ni mpweke, vijana wa rika la balehe wakiwa miongoni mwa walioathirika zaidi, na katika nchi za kipato cha chini kiwango ni takriban asilimia 24, mara mbili ya nchi tajiri. Upweke unahusishwa na kiharusi, magonjwa ya moyo, kisukari na sonona.

Drafti si dawa ya sonona, na anayeugua ahitaji daktari. Lakini inawakutanisha watu uso kwa uso, kitu ambacho simu haikifanyi.

Tatizo ni nani anakaa kwenye benchi. Vijiwe vya drafti na bao, karibu kote nchini, ni vya wanaume. Binti anapita tu na ndoo. Tena pesa ikiwekwa mezani, urafiki huondoka.

Mzazi huhitaji kusubiri kijiwe kibadilike. Boksi, kalamu na vizibo vinatosha. Weka ubao nyumbani kabla ya chakula cha jioni, zima televisheni, waite watoto wa jirani, wa kike na wa kiume, bila kuuliza kwao wanaongea nini. Mwiteni na babu.

Mjukuu ataanza na shikamoo, kwa adabu zote, kisha atamla babu kete tatu kwa mkupuo. Na babu atadai marudiano.