TOFAUTI ZA MANENO YA KILA SIKU KATIKA KIINGEREZA CHA MAREKANI

Wanafunzi wa Kiingereza katika Afrika ya Mashariki hufundishwa aghalabu kwamba lugha hiyo ina matawi makubwa mawili, la Uingereza na la Marekani. Kutokana na mafundisho hayo hudhaniwa kwamba Mmarekani ye yote, atoke Boston au atoke New Orleans, hutumia maneno yale yale kwa vitu vile vile. Dhana hiyo si sahihi. Ukichunguza maneno ya jikoni, ya shambani na ya barabarani, utakuta kwamba Kiingereza cha Marekani kimegawanyika katika maeneo, na kwamba kila eneo limehifadhi katika msamiati wake historia ya watu waliolikalia.

Mfano ulio wazi ni ule wa kijito. Huko New England kijito huitwa 'brook'. Katika bonde la mto Hudson majina ya vijito vingi huishia kwa neno 'kill', ambalo ni la Kiholanzi, kwa kuwa Waholanzi walilitawala bonde hilo mpaka mwaka 1664, Waingereza walipowanyang'anya. Katika Pennsylvania na Virginia husemwa 'run', na Kusini 'branch', yaani tawi. Huko Louisiana mkondo wa maji yaendayo polepole ni 'bayou', neno la Wahindi Wekundu wa kabila la Choctaw lililopitia katika Kifaransa; na Kusini-Magharibi mkondo ukaukao wakati wa kiangazi ni 'arroyo', neno la Kihispania. Hata vita vimepewa majina mawili kwa sababu kama hizi. Pigano la mwaka 1861 huko Virginia, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, watu wa Kaskazini waliliita Bull Run, kwa jina la kijito. Watu wa Kusini wakaliita Manassas, kwa jina la mji uliokuwa karibu.

Mtaalamu aliyeupa uchunguzi huu msingi imara ni Hans Kurath, mzaliwa wa Austria. Chini ya uongozi wake ilitolewa Atlasi ya Lugha ya New England kati ya mwaka 1939 na 1943, na mwaka 1949 akachapisha kitabu chake juu ya jiografia ya maneno ya Mashariki ya Marekani. Kabla yake ilisadikiwa kwamba nchi hiyo ilikuwa na sehemu mbili tu za usemi, Kaskazini na Kusini. Kurath alionyesha kwamba kati ya hizo mna sehemu ya tatu, ambayo aliiita eneo la Kati. Ndoo, kwa mfano, huko Kaskazini iliitwa 'pail', lakini Kati na Kusini iliitwa 'bucket'. Kereng'ende naye aliitwa Kaskazini 'darning needle', yaani sindano ya kutilia viraka. Eneo la Kati 'snake feeder', mlishaji wa nyoka. Na sehemu nyingi za Kusini 'snake doctor', mganga wa nyoka.

Ni nini chanzo cha mgawanyiko huo? Jawabu ni njia za wahamiaji. Watu wengi wa asili ya Scotland na Ireland ya Kaskazini, pamoja na Wajerumani, walifikia Pennsylvania katika karne ya 18. Kutoka huko walishuka kwa mikokoteni yao kupitia bonde la Shenandoah, wakiandama milima ya Appalachia kuelekea kusini-magharibi. Kwa hiyo mipaka ya maneno haikufuata mipaka ya majimbo iliyochorwa na serikali, bali ilifuata njia za mikokoteni.

Mwaka ule ule wa 1949 kilitokea kitabu kingine ambacho chafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa lugha za Kiafrika. Mwandishi wake alikuwa Lorenzo Dow Turner, Mmarekani Mweusi, aliyechunguza Kigullah, lugha ya watu weusi wa pwani na visiwa vya South Carolina na Georgia. Wataalamu waliomtangulia walikuwa wamedai kwamba Kigullah ni Kiingereza kibovu tu, walichojifunza watumwa kwa mabwana wao na wakashindwa kukitamka. Turner alikwenda London kujifunza lugha za Kiafrika, kisha akathibitisha kwamba maelfu ya maneno na majina ya Wagullah yalitoka Afrika. Baadhi ya maneno ya Kiafrika yalivuka hata mipaka ya watu weusi. Karanga Kusini huitwa 'goober', neno litokanalo na 'nguba' la Kikongo na lugha jirani zake. Na 'gumbo', jina la mchuzi mashuhuri wa Louisiana, latokana na jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola. Mzungu wa Georgia atajapo 'goober' hutamka Kibantu bila ya kujua.

Kazi iliyo kubwa kupita zote ni Kamusi ya Kiingereza cha Maeneo ya Marekani, iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison chini ya Frederic Cassidy, mzaliwa wa Jamaica. Kati ya mwaka 1965 na 1970 wachunguzi wake walizuru miji na vijiji 1,002, wakawahoji watu 2,777 kwa orodha ya maswali zaidi ya 1,600. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1985. Cassidy alifariki mwaka 2000, na mrithi wake, Joan Houston Hall, akaiendeleza kazi hiyo hadi juzuu ya sita ilipotolewa mwaka 2013.

Huenda ikaulizwa, kuna faida gani kukusanya majina ya kereng'ende na ya karanga? Kwanza, faida ya afya. Mzee wa Kusini amwambiapo daktari kwamba ana 'sugar', amaanisha ugonjwa wa kisukari. Akisema 'high blood', amaanisha shinikizo la damu. Na akilalamika juu ya 'rising', ana jipu. Daktari mgeni asiyeyajua maneno hayo aweza kumtibu mgonjwa ugonjwa asiokuwa nao. Pili, faida ya sheria. Mtaalamu wa isimu Roger Shuy aliwahi kuletewa na polisi barua ya mtu aliyemteka nyara mtoto, akidai fedha ziwekwe mahali alipopaita 'devil strip'. Shuy alijua kwamba ukanda wa majani ulio kati ya njia ya miguu na barabara huitwa hivyo katika mji wa Akron, Ohio. Aliona pia kwamba mwandishi alikosea maneno mepesi lakini akayaendeleza sawasawa yale magumu. Basi alikuwa msomi aliyejitia ujinga. Miongoni mwa washukiwa alikuwamo mtu wa namna hiyo, naye akakiri.

Tatu, na hii ndiyo faida kubwa zaidi, uchunguzi huu huondoa dharau. Kiingereza cha kale kilitofautisha mtu mmoja na wengi, kama Kiswahili kitofautishavyo wewe na ninyi. Baadaye neno 'you' likatwaa mahali pa yote mawili, na pengo likabaki. Watu wa Kusini wameliziba kwa 'y'all', wa Pittsburgh kwa 'yinz', na baadhi ya watu wa New York na Philadelphia kwa 'youse'. Walimu wengi wameyakaripia maneno hayo madarasani, ilhali wayatumiao wameirudishia lugha kitu ilichokipoteza.

Imetabiriwa mara nyingi kwamba redio na televisheni zitazifuta tofauti hizi. Ni kweli kwamba maneno mengi ya shambani yamekufa pamoja na kazi zake. Lakini soda ingali 'soda' Kaskazini-Mashariki, 'pop' katika nchi za Maziwa Makuu, na 'coke' katika sehemu nyingi za Kusini, ambako Coca-Cola ilibuniwa mwaka 1886 mjini Atlanta. Huko mtu akiomba 'coke' aweza kuulizwa ni ya aina gani. Nayo atlasi ya matamshi iliyotolewa na William Labov na wenzake mwaka 2006 ilionyesha kwamba katika miji mikubwa matamshi yalikuwa yakizidi kuachana. Watu huisikia televisheni, lakini husema kama jirani zao.

Ikiwa lugha yenye vitabu, shule na magazeti mengi kiasi hicho imehitaji kutumiwa watu vijijini kuwahoji wazee, lugha ambazo maneno yake hayajaandikwa zahitaji kazi hiyo zaidi, na kwa haraka. Neno la kienyeji halina mahali pengine pa kuhifadhiwa ila kinywani mwa msemaji wake.