Kupigwa Nukta Mashamba: Wafanyavyo Njombe, na Litupasalo Sisi



Tangu mkutano uliopita wengi wameniuliza maana ya kupigwa nukta mashamba, na wengine wamenena wazi kwamba wanaogopa: leo shamba lapigwa nukta, kesho laondoka. Khofu hiyo si ya kuchekwa. Basi naieleza kazi hii, nikianza na bara, mkoa wa Njombe, ambako wakulima wa maparachichi wameingia katika biashara ya namna hii kabla yetu.

Njombe ni nchi ya baridi, na mji wake wa Makambako ni njia panda. Hapo barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hutoa tawi la Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Matunda ya wakulima wadogo huchanganywa yakasafiri mbali, na mnunuzi wa ng'ambo, asiyemjua mkulima, hutaka kujua yametoka shamba gani. Mapatano ya Novemba 2022 ya kuuza maparachichi China yalitaka bustani na nyumba za kufungashia ziandikishwe. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria yake ya 2023 ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, wataka nukta ya mahali kwa mbao, kahawa na kakao. Karafuu haimo.

Nukta yenyewe ni namba mbili tu: moja ya umbali kutoka Ikweta, ya pili ya upande wa mashariki. Simu huzipata kwa kusikiliza satelaiti zisizopungua nne. Simu ya kawaida hukosea mita kadhaa, na chini ya mkarafuu uliofunga majani hukosea zaidi. Mpimaji na asimame penye uwazi.

Namba hizo zaenea katika ujumbe mmoja mfupi wa simu na nafasi ikabaki. Lakini picha moja ya megabaiti 3 ni sawa na ujumbe mfupi zaidi ya 20,000. Kwa hiyo mpimaji huweka yote ndani ya simu huko shambani pasipo mtandao, picha akazipunguza, akarudi mjini ndipo akapeleka. Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa 2009, umefika nyanda zile, ila waya wa mjini haupandi mlimani kwa mkulima.

Sasa tuje kwetu. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, walirusha ndege ndogo zisizo na rubani kuvipiga picha visiwa vyetu. Anayedhani akikataa nukta shamba lake litafichika, ajue limekwisha onekana. Lakini picha yaonyesha vilele vya miti, haimwonyeshi mwenyewe. Kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mikarafuu ya yule. Ziko eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, iko miti ya urithi usiogawanywa, iko iliyowekwa rehani. Fomu yenye nafasi moja tu ya "mwenye shamba" itatudhulumu: ataandikwa aliyesimama pale siku ile, na ndugu yake aliyeko Dar es Salaam au Maskati atakuta daftari limekwisha kusema. Mimi hili ndilo linitialo wasiwasi, si satelaiti.

Kwa hiyo nimeiomba Kamati isikubali upimaji wowote mpaka fomu iwe na nafasi mbali ya ardhi na mbali ya miti, warithi wote waandikwe mbele ya sheha, na kila mwenye haki apewe nakala ya karatasi. Majina na namba za simu zibaki kwetu. Mnunuzi aone namba ya shamba na nukta yake, basi.

Kamati italijadili kabla ya uchumaji. Mwenye shauri, au mwenye miti katika ardhi ya mwenziwe, na aniletee maandishi mapema.

Katibu