Nani atalipia masomo ya watafiti wa saratani?

KATIKA mwaka wa 2020 pekee, watu zaidi ya 42,000 nchini Kenya walikadiriwa kupatwa na saratani, na wapatao 27,000 wakafariki kutokana nayo. Makadirio hayo ni ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa.

Wengi wakisikia hesabu hizo hudhani kinachohitajika ni mashine na dawa tu. Ipo haja nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni watu wenye ujuzi wa kuchunguza kwa nini maradhi haya hutupata.

Chukua mfano wa saratani ya umio, njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huu umeenea mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ilhali magharibi mwa bara ni nadra. Watafiti wa Eldoret, wakishirikiana na IARC, waliwalinganisha wagonjwa na watu wasio na saratani hiyo kuhusu pombe, tumbaku na vinywaji vya moto. Mtu aliyelelewa hapa ndiye ajuaye jinsi ya kuuliza habari za chai, uji na pombe ya kienyeji akapata jibu la kweli.

Hata hivyo, daktari hufunzwa kutibu, na si lazima awe amefunzwa kutafiti. Katika kozi za utafiti, mwanafunzi hujifunza kuchagua watu wa kuhojiwa, kuchanganua takwimu, kuweka sajili ya wagonjwa na kulinda siri zao.

Masomo hayo hugharamiwaje? Mara nyingi mfadhili hutoa ruzuku kwa chuo, wala si kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Chuo hueleza kitafunza nini na nani, kisha wataalamu huru hulipima ombi. Likikubaliwa, fedha hulipia wahadhiri, nauli, malazi na vifaa, na kila mwaka chuo hutoa ripoti. IARC imekuwa ikifadhili watafiti chipukizi tangu 1966. Huko Marekani, kituo cha Fogarty, kilichoanzishwa mwaka wa 1968, kimefadhili mafunzo katika nchi nyingi zinazoendelea.

Hatari ni kwamba mlango ulio mikononi mwa mwingine hufungwa wakati wowote. Mwezi Mei 2025, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zilitangaza kwamba hazitatoa ruzuku mpya ambazo sehemu yake hugawiwa vituo vya nchi za nje, hadi utaratibu mwingine uundwe. Mradi ukisimama katikati, mwanafunzi hukosa karo na sajili hukosa mwandishi.

Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, na kusema itengewe asilimia mbili ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijapata kufikiwa. Hilo ndilo swali ambalo msomaji anafaa kumwuliza mbunge wake wakati wa bajeti, kwani mtegemea cha nduguye hufa maskini.